Viduara Vitano Nilivyoviacha Wazi

Mliniacha nimesimama njia panda ya soko, jua la saa nane likiniwakia utosini, bendera ya njano mkononi na fulana ya meya kifuani. Mliniacha pale baba yangu alipopita na baiskeli yake, akaniona, akatazama mbele.

Kwa aliyekosa wiki zilizotangulia, nitasema haraka. Mimi ni Rosivania, miaka ishirini na miwili, mtu wa Lagoa do Umbu, huku bara kwenye ukame wa Brazili. Mtihani wa kuingia chuo kikuu nimeufeli mara mbili. Kazi ya mapokezi zahanati niliipata kwa mkono wa mama yangu wa ubatizo, Mama Lindalva, ambaye ndiye macho na masikio ya meya mtaani kwetu. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na ulikuwa na sharti ambalo halikuandikwa popote: kampeni zikianza, unashika bendera.

Na baba yangu, Mzee Juvenal, mshona matandiko ya farasi, ni mtu wa Buluu, chama cha wapinzani wa meya na Njano yake. Si Buluu ya kupiga kura tu. Mlango buluu, dirisha buluu, hata banda la kuku amelipaka buluu.

Siku ile ya bendera nilirudi nyumbani nikamsalimu kama nilivyomsalimu tangu nijue kusema.

"Naomba baraka, baba."

Kwetu mtoto haingii wala hatoki bila kuomba hivyo, na mzazi hana jibu lingine ila "Mungu akubariki." Hata kama umemuudhi, atakujibu huku amekunja uso. Kutojibu ni kukuambia huna mzazi.

Baba aliendelea kutoboa ngozi ya tandiko. Hakujibu siku hiyo wala kesho yake.

Miezi kumi, jamani. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, mama alishatangulia zamani. Kila asubuhi niliomba baraka, na kila asubuhi nilijibiwa na sindano inayopita kwenye ngozi. Nilimpikia kuskus yake ya mahindi, akala, akaosha sahani yake mwenyewe, akatoka.

Kisha mahakama ikamlazimisha meya kutangaza mtihani wa ajira za kudumu. Zahanati ilipewa nafasi mbili za mapokezi. Tulioomba tulikuwa mia nne na kumi na wawili.

Nataka mnielewe kwa nini niliushika mtihani ule kama roho yangu. Mtu wa mkataba anaamka kila siku na hofu kwamba meya kabadilika au kanuna. Aliyepita mtihani, meya aje, meya aende, kiti ni chake mpaka azeeke. Na mtihani haukuulizi nyumba yenu ina rangi gani. Unakaa, unajibu, mashine inasoma. Kwa mji wetu, mashine ndiyo ilikuwa kiumbe pekee kisicho na chama.

Ndivyo nilivyoamini.

Nikasoma miezi minne. Nilisoma pale mapokezi kabla wagonjwa hawajaja, nikasoma nikiwa nimepanga foleni ya mkate. Mama Lindalva alinikuta siku moja nimefungua vitabu juu ya daftari la wagonjwa.

"Naomba baraka, mama."

"Mungu akubariki. Mbona umekonda hivyo?"

"Nasoma, mama."

"Soma, mwanangu, kusoma ni kuzuri. Lakini usijichoshe."

"Tuko mia nne, mama. Nisipojichosha nitapitaje?"

Akanipapasa shavu. "Nimesema usijichoshe."

Nikadhani ananionea huruma tu. Wakati mwingine mtu unakuwa mjinga kwa raha zako.

Jumapili ya mtihani ikafika. Lango la shule linafungwa saa mbili kamili asubuhi, na kwetu lango likishafungwa halifunguki hata kwa askofu. Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Kalamu ya wino mweusi yenye mwili unaoonyesha ndani, kitambulisho, chupa ya maji iliyobanduliwa karatasi yake. Nilipoamka, baba alikuwa ameshakwenda dukani kwake bila kusema neno. Lakini mezani nilikuta kalamu tatu mpya, zimefungwa na uzi wa kushonea ngozi. Nililia njia nzima, msinicheke.

Chumba namba saba. Nyuma yangu alikaa Bi Socorro, mpishi wa shule, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Alikuwa akifanya mitihani ya ajira kwa miaka kumi na moja. Meya wa Njano akiingia anamfukuza, wa Buluu akiingia anamrudisha, wa Njano akirudi anamfukuza tena.

"Shika," alininong'oneza akinipa kipande cha keki ya muhogo. "Ukipata kizunguzungu swali la ishirini, ung'ate hiki."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshazoea. Kizunguzungu changu kinaanza siku ya matokeo."

Mbele yangu alikaa Werlison, mpwa wa meya. Aliingia dakika ya mwisho na miwani ya jua, ananuka tafrija ya usiku kucha. Akaandika jina lake, akaweka kichwa mezani, akalala. Alikoroma, na msimamizi, mwanamke aliyeletwa na kampuni ya mitihani kutoka mji mwingine, hakumgusa.

Nikafurahi. Nikajisemea, mmoja kapungua.

Maswali yalikuwa arobaini. Unapewa kijitabu cha maswali na kadi ya majibu. Kijitabu ni chako, unaweza kukichafua unavyotaka. Kadi ndiyo inayosomwa na mashine: viduara vidogo, unavijaza wino mweusi, na ukikosea hupewi nyingine. Mwalimu wangu wa sekondari alitufundisha tumalize kijitabu kwanza, halafu ndipo tuhamishe majibu kwenye kadi. Nilimtii. Laiti ningemwasi.

Hesabu tano za mwisho zilinikalia kooni. Nilizipiga, nikazifuta, nikazipiga tena. Nilipozipata zote, niliinua kichwa. Chumba kizima kimeondoka. Tumebaki watatu: mimi, Bi Socorro, na Werlison anayekoroma.

"Dakika kumi," alisema msimamizi.

Nikaanza kuhamisha. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Thelathini. Niliogopa kuruka mstari, kwa hiyo kila kiduara nilikihakikisha mara mbili. Thelathini na nne. Thelathini na tano.

"Kalamu chini."

"Mama, nakuomba! Vimebaki vitano tu!"

"Kalamu chini, binti, au naandika umekataa amri."

Nikaweka kalamu chini. Viduara vya thelathini na sita mpaka arobaini vilibaki wazi, na majibu yake yote ninayo kwenye kijitabu.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililoniua. Kwetu, watahiniwa watatu wa mwisho hawaruhusiwi kutoka mmoja mmoja. Wanatoka pamoja, na kabla ya kutoka wanashuhudia kadi zikihesabiwa, bahasha ikifungwa, kisha wanasaini hati ya chumba. Hao watatu ndio macho ya wengine wote.

Msimamizi alimtikisa Werlison. Akaamka, akajifuta mate, akatoa kadi yake. Yangu ikawekwa juu yake, lakini kabla haijakaa sawa niliiona ya chini.

Nyeupe. Jina, saini, basi. Hakuna hata kiduara kimoja.

Msimamizi akazirundika zote ndani ya bahasha. Akasukuma hati mbele yetu.

"Sainini hapa."

"Na bahasha?" niliuliza. "Haifungwi?"

"Utepe umeniishia. Nitaifunga ofisini. Sainini mwende mkale."

Bi Socorro, miwani ameshaivua, akacheka. "Mimi bila miwani nasaini hata hati ya kujifunga mwenyewe." Akasaini. Werlison akasaini akipiga miayo.

Juu ya mstari wangu iliandikwa kwamba bahasha imefungwa mbele yetu, nasi tumeona. Haikuwa imefungwa. Nilijua. Lakini nilikuwa na njaa, nina uchungu na viduara vyangu vitano, na nilimwogopa yule mama.

Nikasaini. Sikujua saini ile itanifikisha wapi.

Jumanne majibu sahihi yakatolewa. Nikajifungia stoo ya dawa saa ya chakula, nikalinganisha na kijitabu changu. Katika thelathini na tano nilizohamisha, nimepata thelathini na mbili. Na zile tano nilizoziacha, uchungu ulioje, zote nilikuwa nimezipata.

Kwenye ukurasa wa mwisho nikaandika kwa kalamu ya baba: "36 mpaka 40 sikujaza kwenye kadi. Alama zangu 32." Nikapiga mstari chini yake. Nikajua nimeikosa nafasi. Nikalia kati ya maboksi ya sindano, nikanawa uso, nikarudi kuita wagonjwa.

Wiki tatu baadaye orodha ikabandikwa kwenye ukuta wa manispaa. Sikutaka hata kwenda. Bi Socorro ndiye aliyekuja kunivuta mkono.

"Twende, wewe! Tukalie wote pamoja, inapunguza."

Watu walikuwa wamejaa. Nikasoma.

Wa kwanza, Werlison, thelathini na tisa.

Wa pili, Rosivania, thelathini na saba.

Wa tatu, Maria do Socorro, thelathini na sita.

Nafasi ni mbili.

Thelathini na mbili, jumlisha tano, ni thelathini na saba. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Mtu alikuwa amekaa na kadi yangu na kunijazia viduara vyangu vitano, kwa mkono wake. Niliijua hesabu hiyo kabla sijamaliza kusoma jina langu. Nawaambia leo nyie kwa sababu siku ile sikumwambia mtu yeyote.

Bi Socorro alikuwa amesogeza pua karibu na ukuta. Akahesabu kwa kidole. Kisha akanikumbatia kwa nguvu.

"Alama moja, mwanangu! Umenipiga kwa alama moja! Basi afadhali wewe. Angekuwa mwingine ningemtafuna."

"Bi Socorro, mimi..."

"Nyamaza. Usinililie, utaniambukiza."

Ndipo watu walipopisha njia. Baba alikuwa anakuja na aproni yake ya ngozi, mikono ina nta, ameliacha duka wazi. Baba anasoma kwa shida sana. Anajua jina lake, jina langu, na tarakimu. Akanitafuta kwenye ile orodha kwa kidole chake kilichochomwachomwa sindano, akanipata, akakiacha kidole pale.

Nikasema, "Naomba baraka, baba."

Uwanja mzima ulikuwa unatutazama. Wote walijua habari yetu.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema baba. Kisha akawageukia watu. "Mmeona? Amepita kwa kalamu. Si kwa fulana ya mtu. Kwa kalamu!"

Akanikumbatia, nikanusa nta na ngozi, na nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Lakini wewe ambaye hujawahi kunyimwa baraka miezi kumi, usinihukumu haraka.

Mama Lindalva alikuja zahanati kesho yake na fulana mpya ya njano ndani ya mfuko.

"Naomba baraka, mama."

"Mungu akubariki. Nilikuambia usijichoshe, ukanibishia."

Nikafunga dirisha la mapokezi. "Mama, ni nani amejaza kadi yangu?"

"Kadi gani? Watu walikuwa wanamsaidia kijana mmoja, wakaona na binti mmoja ana mapengo matano. Wakamhurumia."

"Kwani nilikuomba?"

"Mtoto wa ubatizo haombi. Nilipokubeba kanisani uliniomba?" Akaiweka fulana mezani. "Utaapishwa Jumatatu, wiki mbili kuanzia sasa. Na kampeni ijayo nataka bendera yako iwe ya kwanza pale njia panda."

Kumbe ile kazi ya kudumu nayo ilikuwa na sharti lisiloandikwa. Nikaisukumia ile fulana chini ya meza, nikafungua dirisha, nikaita namba inayofuata.

Siku ile ile Bi Socorro akaniletea keki nzima ya muhogo, imefunikwa kitambaa kilichopigwa pasi.

"Ya pongezi," alisema.

"Sistahili, Bi Socorro."

"Acha maringo. Mwakani kuna mtihani mji wa jirani, ntajaribu tena. Miguu bado inanibeba." Akavua miwani akaifuta. "Ila yule Werlison ndiye sielewi. Mtu alikoroma mpaka nikakosa swali la kumi na mbili."

Niliila keki yote kwa sababu nilishindwa kuitupa.

Alhamisi baba alirudi mapema. Amenyoa, amevaa shati la kanisani. Akaketi mbele yangu akapiga meza kwa viganja.

"Nimetoka kwa mwendesha mashtaka wa serikali."

"Kufanya nini, baba?"

"Kumshtaki meya! Kinyozi kanihadithia, Werlison anatamba hadharani kwamba hakuweka hata wino. Nikamwambia mwendesha mashtaka: binti yangu alikuwa kwenye chumba hicho hicho. Alikuwa mmoja wa watatu wa mwisho. Aliona kila kitu. Mwite, atakwambia."

"Baba, ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini? Kama unasema kweli?"

Barua ya wito ilifika Ijumaa: nifike Jumatano saa tatu asubuhi. Mama Lindalva aliipata habari kabla barua haijakauka wino. Akanisubiri nje ya zahanati, safari hii bila kunipapasa shavu.

"Utasema hukuona."

"Nimeona, mama."

"Umeona nini? Umesaini kwamba bahasha ilifungwa. Ukisema haikufungwa, wewe ni mwongo kwa saini yako mwenyewe. Akianguka Werlison, unaanguka wewe. Na baba yako anaangukia wapi? Tena yeye ndiye aliyepeleka mashtaka."

Akaniacha pale. Sikulala vizuri siku zile, lakini nilipanga. Mwoga naye ana akili zake. Nikajiambia: nitasema habari ya Werlison tu. Yeye atatolewa, Bi Socorro ataingia, mimi nitabaki. Mama Lindalva hawezi kunitaja bila kujitaja. Kila mtu atapata haki yake, na mimi nitakaa na ile ya kuazima, nitaifanyia kazi vizuri mpaka iwe yangu. Nilitafuta kosa kwenye mpango huo, sikuliona.

Jumatano tulikwenda pamoja, baba na shati la kanisani, kofia ya ngozi mkononi, na mkoba wake begani. Mlangoni nikaomba baraka. Akanipa kwa sauti, ili mlinzi asikie.

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke kijana, hajanizidi miaka kumi, nywele amezibana kwa penseli. Alimruhusu baba aketi kama mlalamikaji. Akaweka mezani nakala ya hati ya chumba.

"Hii ni saini yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Bahasha ilifungwa mbele yako?"

Nilimtazama baba. Aliitikia kwa kichwa, ananihimiza, uso umeng'aa.

"Haikufungwa, mheshimiwa. Alisema utepe umeisha."

"Kwa nini ulisaini?"

"Niliogopa."

Akaandika. "Kadi ya Werlison uliiona?"

"Niliiona. Ilikuwa nyeupe. Jina na saini tu."

Baba akapiga goti lake. "Si nilikwambia, mheshimiwa? Si nilikwambia!"

"Tulia, mzee." Akachukua karatasi nyingine, akaigeuza polepole. "Hii ni nakala ya kadi yako, Rosivania. Uliijaza mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Yote?"

Nilisikia feni ya darini ikizunguka. Nilifikiria kiti changu, dirisha la mapokezi, miezi kumi ya sindano na ngozi.

"Yote, mheshimiwa."

Nadhani hakuwa na kitu mkononi, alikuwa anabahatisha tu. Wino mweusi ni wino mweusi. Alikuwa tayari ameinua kalamu apite kwenye swali jingine. Mpango wangu ulikuwa umefanikiwa, jamani. Ilibaki kusaini na kwenda nyumbani.

"Mheshimiwa," alisema baba, "kama una shaka na binti yangu, ushahidi huu hapa."

Akafungua mkoba. Akatoa kitu cha ngozi, kipya, kimeshonwa kwa uzi mweupe wa mara mbili, mshono anaowawekea wenye farasi wa mashindano tu. Juu yake alikuwa amechoma jina langu kwa chuma cha moto. Herufi moja ilikuwa imepinda.

"Nilikikuta chini ya godoro lake," alisema akinitazama kwa haya. "Kitu cha heshima hakikai chini ya godoro. Nikakishonea jalada. Nilitaka nikupe Jumatatu ukiapishwa, lakini acha kianze kazi leo."

Kijitabu changu.

Mngeniuliza kwa nini sikukichoma. Nilijaribu, mara mbili nilikisogeza jikoni. Lakini alama zile thelathini na mbili ndizo pekee nilizozipata mwenyewe. Nilishindwa kuzitia moto.

"Baba, hicho hakina haja..."

"Kina haja! Mheshimiwa, humo kuna kila jibu lake. Mimi sijui kusoma sana, lakini kazi ya mkono naijua nikiiona. Tazama alivyohesabu. Tazama alivyofuta na kurudia."

Mwendesha mashtaka alifungua jalada kwa uangalifu, kana kwamba ni mali ya mtu aliyekufa. Akapitisha kurasa. Alilinganisha na kadi, jibu kwa jibu, akitabasamu kidogo. Kumi. Ishirini. Thelathini na tano. Kisha akafika ukurasa wa mwisho.

Tabasamu likaondoka.

Akasoma mstari ule. Akausoma tena. Akaitazama kadi, sehemu ya chini kabisa, akaileta karibu na macho. Akamtazama baba, halafu mimi. Hakuonekana mwenye hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Mzee Juvenal," alisema, "hapa mwisho kuna maneno. Nani ameyaandika?"

"Ni yeye, mheshimiwa. Huo ni mkono wake. Nimeona amepiga na mstari chini, nikajua ni jambo kubwa." Baba akasogeza kiti mbele. "Sikuthubutu kumpelekea mtu mwingine anisomee. Tafadhali, soma kwa sauti, na mimi nisikie."

Mwendesha mashtaka hakusoma. Alikifunga kijitabu kidole chake kikiwa ndani. Kisha akakifungua tena, akakigeuza, akanisogezea juu ya meza.

"Msomee baba yako."

Herufi zilikuwa pale, za wino wa kalamu aliyoninunulia. Baba alikuwa ameinamisha sikio upande wangu.

"Baba," nikasema, "naomba baraka kwanza."

Akacheka, akaweka mkono wake mzito juu ya wangu.

"Si nimekupa mlangoni, mwanangu? Soma."